Shajara ya Mradi wa Ukuaji wa Watoto, Isingiro: Kutoka Ubao wa Kupimia hadi Homoni

Februari 2024: Swali na vibali

Mradi huu unafanyika katika kituo cha afya kimoja wilayani Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda, si mbali na makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Wanaotuletea watoto ni wenyeji wanaozungumza Kinyankore na wakimbizi kutoka Kivu, mashariki mwa Kongo, na katika foleni ya kituo, sokoni na kwenye bodaboda lugha inayowakutanisha ni Kiswahili. Swali letu ni moja: kati ya watoto wanaofika wakiwa wafupi mno kwa umri wao, ni wepi wenye kasoro ya homoni inayotibika, na tunaweza kuwatambua kwa kiasi gani kabla ya kumpandisha mzazi basi la Mbarara au Kampala akatafute vipimo ambavyo huenda mwanawe havihitaji?

Ufupi peke yake hautuambii mengi. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2016 ulikuta kwamba asilimia 29 ya watoto wa Uganda walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, yaani urefu wao ulikuwa chini ya kipimo cha kati cha Shirika la Afya Duniani kwa zaidi ya michepuko sanifu miwili (kipimo cha jinsi watoto wa umri mmoja wanavyotofautiana). Ukianza kumtafuta mwenye upungufu wa homoni ya ukuaji ndani ya kundi kubwa hivyo kwa kutazama kimo tu, utamaliza fedha zote kwa watoto ambao shida yao ni chakula, kuhara kusikokwisha au selimundu. Kinachotenganisha makundi hayo ni kasi ya kukua. Mtoto mwenye afya huongeza takriban sentimita 25 katika mwaka wa kwanza, takriban 12 katika wa pili, kisha hutulia kwenye sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka mpaka balehe inapoanza. Mtoto wa miaka sita aliye mfupi lakini anaongeza sentimita 6 kila mwaka yuko mbali sana na mwenzake wa kimo kilekile ambaye kwa mwaka mzima ameongeza 3. Kwa hiyo mradi mzima unategemea vipimo viwili vya urefu vilivyopishana miezi kumi na miwili, na vipimo hivyo visipoaminika hakuna maabara itakayotuokoa.

Vibali vilichukua muda mrefu kuliko tulivyopanga. Kamati ya maadili ya utafiti ilitaka fomu ya ridhaa ya mzazi kwa Kinyankore, Kiswahili na Kinyarwanda, pamoja na fomu ya kukubali kwa mtoto mwenyewe akiwa na miaka minane au zaidi. Baada ya hapo tulijisajili katika Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na kwa ajili ya watoto wa makazi ya wakimbizi tukaomba ruhusa ya Ofisi ya Waziri Mkuu, ambayo ndiyo inayosimamia masuala ya wakimbizi nchini. Anayetaka kuiga kazi hii aombe vyote kwa pamoja mapema, na atenge fedha za tafsiri. Sisi zilitugharimu shilingi 600,000 za Uganda.

Machi 2024: Ubao

Ubao wa kupimia urefu unaouzwa na wasambazaji wa vifaa vya tiba ulikuwa nje ya uwezo wetu, hivyo tulimpa kazi fundi seremala wa mjini. Kwa shilingi 220,000 alitutengenezea ubao wa mvule wenye kitako kipana, mgongo ulionyooka, utepe wa chuma uliopigiliwa pembeni na kipande cha kichwa kinachopanda na kushuka ndani ya mfereji uliochongwa. Ulipotoka karakana ulikuwa mzuri kwa macho na sahihi kwa kipimo. Kisha mvua za Machi zikaanza.

Mbao zilinyonya unyevu, mfereji ukavimba, na kipande cha kichwa kikawa kinakwama upande mmoja na kuinama upande wa pili. Kasoro ya namna hii ina hatari kwa sababu mpimaji haioni: kipande kinagusa kichwa cha mtoto vizuri kabisa, ila ncha yake iliyo kwenye utepe inasoma karibu sentimita moja juu zaidi. Tuliigundua kwa bahati, baada ya mtoto yuleyule kupimwa kabla na baada ya chakula cha mchana na kuonekana amerefuka, jambo ambalo, kama nitakavyoeleza hapa chini, haliwezekani.

Dawa yake ilikuwa ya aina mbili. Kwanza, mfereji wa mbao uliondolewa na mahali pake pakawekwa reli ya alumini inayotumiwa na mafundi wa madirisha ya kusukuma, kisha ubao wote ukapigwa vanishi mara tatu, pamoja na kitako upande wa chini ambako watu wengi husahau kupaka. Hayo yaligharimu shilingi 95,000. Pili, tulinunua kipande cha bomba la alumini, tukakikata kiwe na urefu wa sentimita 100 kamili, na kila asubuhi kabla ya mtoto wa kwanza bomba hilo husimamishwa kwenye ubao na kusomwa. Likisoma pungufu au zaidi kwa milimita 2, hakuna kupima mpaka sababu ijulikane. Bomba hilo la shilingi 12,000 ndilo kifaa ninachokithamini kuliko vyote tulivyonunua.

Aprili 2024: Mikono ya wapimaji

Kanuni za kusimamisha mtoto zinajulikana: viatu vivuliwe, visigino, makalio na mabega viguse mgongo wa ubao, na mstari unaotoka ukingo wa chini wa tundu la jicho hadi tundu la sikio uwe sambamba na sakafu. Walio chini ya miaka miwili hupimwa wakiwa wamelala, na kipimo cha kulala huzidi cha kusimama kwa takriban sentimita 0.7, kwa hiyo mtoto anayevuka umri huo katikati ya mradi lazima arekebishiwe hesabu, la sivyo ataonekana amesimama kukua.

Kazi ngumu ilikuwa kujua wapimaji wetu wanatofautiana kiasi gani. Njia yake ni nyepesi. Kila mpimaji humpima mtoto yuleyule mara mbili bila kuona jibu la kwanza. Tofauti za kila mtoto hupandishwa kipeo cha pili na kujumlishwa, jumla hugawanywa kwa mara mbili ya idadi ya watoto, kisha hutafutwa kipeuo cha pili cha jibu. Mwanzoni kosa letu lilizidi nusu sentimita, na kwa kazi yetu hilo ni kubwa. Mtoto anayekua sentimita 5 kwa mwaka huongeza sentimita 1.25 tu kwa miezi mitatu, na kosa la nusu sentimita katika kipimo cha kwanza likiungana na la kipimo cha pili huwa takriban 0.7, zaidi ya nusu ya kile tunachotaka kukiona. Mfadhili mmoja alipendekeza tutoe kasi ya kukua baada ya miezi mitatu ili ripoti yake iwahi mwisho wa mwaka wa fedha. Tulimjibu kwa hesabu hiyo, akakubali kusubiri.

Sehemu kubwa ya tofauti ilitokana na saa ya kupima. Gegedu zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo hukandamizwa mtu anaposimama na kutembea, na mtoto anaweza kupungua sentimita moja au zaidi kati ya kuamka na jioni, sehemu kubwa ikipotea saa chache za kwanza. Watoto wa hapa huamka alfajiri, huchota maji na jerikani kichwani, kisha hutembea hadi shule. Anayefika kituoni akitoka kitandani kwa bodaboda na anayefika baada ya kubeba lita 20 hawalinganishiki. Tuliamua kila mtoto apimwe kati ya saa nne na saa sita asubuhi, na katika kipimo cha pili apimwe saa ileile iliyoandikwa kwenye kadi yake. Kwa kubadilisha saa tu, bila mafunzo mapya, kosa lilishuka chini ya sentimita 0.4, na baada ya mafunzo ya siku moja likashuka tena.

Juni 2024: Umri

Nilipoanza kuingiza data nilidhani kompyuta imeharibika, kwa maana watoto wengi mno walikuwa wamezaliwa tarehe 1 Januari. Kumbe ndivyo mtu asiyejua tarehe yake anavyoandikwa anapojiandikisha ukimbizini: mwaka hukadiriwa na siku huwekwa mwanzo wa mwaka. Kwa mgao wa chakula haidhuru. Kwa urefu kulingana na umri ni balaa, kwa sababu mtoto aliyezaliwa Novemba akihesabiwa kuwa amezaliwa Januari anaongezewa miezi kumi ambayo hajaiishi, na papo hapo anaangukia kundi la waliodumaa.

Tulitengeneza kalenda ya matukio. Kwa familia za Goma na vitongoji vyake matukio yanayokumbukwa bila kusita ni waasi wa M23 kuuteka mji Novemba 2012, na mlima Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021. Kwa wenyeji tulitumia ujio wa Papa Francis Novemba 2015, chaguzi kuu za Februari 2016 na Januari 2021, na shule kufungwa Machi 2020 hadi zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2022. Mama hukumbuka kama wakati wa tukio mtoto alikuwa tumboni, anatambaa au ameota meno, na kutoka hapo tunapata mwezi kwa ukaribu wa kuridhisha. Gego la kwanza la kudumu, ambalo kwa kawaida huota karibu na miaka sita, husaidia kuhakiki, ila si kwa mtoto anayeshukiwa kuwa na upungufu wa thairoksini, yaani homoni ya tezi ya thairoidi iliyo shingoni, kwa sababu ugonjwa huo huchelewesha na meno pia.

Kasi ya kukua ina faida kubwa hapa. Haihitaji kujua mtoto alizaliwa lini. Inahitaji tu tarehe mbili za kupimwa, na hizo tunazo.

Septemba 2024: Kuchuja, na kadi za damu

Waliobaki baada ya umri kusahihishwa walipimwa selimundu, VVU, wingi wa damu na hali ya lishe. Selimundu si ya kupuuzwa: uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Uganda mwaka 2014 na 2015 ulikuta asilimia 13.3 ya watoto wachanga wana kijeni kimoja cha ugonjwa huo na asilimia 0.7 wana ugonjwa wenyewe, na wenye ugonjwa mara nyingi hukua polepole na kubalehe kwa kuchelewa. Wengi wa watoto wetu wafupi walipata maelezo yao katika hatua hii, wakapelekwa kwenye kliniki zinazowafaa.

Jambo moja lilileta ubishi ndani ya timu. Baadhi ya familia zina asili ya Kitwa, na kimo chao kifupi si ugonjwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulilinganisha Watwa na Wakiga wa kusini magharibi mwa Uganda na kukuta sehemu kadhaa za jenomu zinazohusiana na kimo kifupi cha Watwa, zikiwamo zinazogusa njia ambayo homoni ya ukuaji hufanyia kazi mwilini. Wenzangu wawili walitaka tuwaondoe watoto hao kwenye mradi. Mimi niliona kuwaondoa ni kuwanyima kipimo, maana mtoto wa Kitwa naye anaweza kuugua tezi ya thairoidi kama mwingine yeyote. Tuliafikiana wabaki, ila wahukumiwe kwa kasi yao ya kukua na kwa kimo cha wazazi wao. Kanuni ya kimo cha wazazi ni kujumlisha urefu wa baba na wa mama, kuongeza sentimita 13 kwa mvulana au kuzipunguza kwa msichana, kisha kugawanya kwa mbili.

Kisha tuliongeza watoto wachanga. Upungufu wa thairoksini wa kuzaliwa humpata takriban mtoto mmoja kati ya 2,000 hadi 4,000, na dawa ikianza ndani ya wiki mbili za kwanza akili ya mtoto huokolewa, ilhali ikichelewa miezi kadhaa kilichopotea hakirudi. Damu hutolewa kisiginoni na kudondoshwa kwenye kadi ya karatasi maalumu, njia ambayo wauguzi wetu wanaijua tayari kwa sababu ndiyo inayotumika kupima VVU kwa watoto wachanga.

Mwezi wa kwanza ulikuwa hasara tupu. Mama huruhusiwa kurudi nyumbani siku ileile au kesho yake, nasi tulichukua damu kabla hajaondoka. Lakini katika siku ya kwanza baada ya kuzaliwa homoni ya TSH, ambayo huiamuru tezi ya thairoidi kufanya kazi, hupanda yenyewe kwa kila mtoto, na majibu yakarudi yakionyesha wagonjwa ambao si wagonjwa. Wazazi waliitwa, wakalia, wakapimwa upya, wakaambiwa hakuna kitu. Tulihamishia kipimo kwenye ziara ya siku ya sita baada ya kujifungua, ambayo ipo katika utaratibu wa kawaida wa kliniki. Kadi nazo zilitutesa: mvua zilikuwa zimeanza, kadi zilizoonekana kavu zilifungwa kwenye mifuko zikiwa bado na unyevu ndani, na maabara ikazikataa. Sasa kadi hulazwa juu ya fremu ya wavu usiku kucha, mbali na jua na moto, na kila mfuko hutiwa vipakiti vya kufyonza unyevu. Fremu ilikuwa shilingi 30,000. Kadi zilizotupwa zilitugharimu zaidi ya mara kumi ya hizo.

Novemba 2024: Thairoksini isiyofanya kazi

Hili ndilo lililotuchukulia muda na fedha kuliko yote, nami ningemshauri anayesoma kwa haraka asome hapa tu.

Kati ya watoto wakubwa tulipata kadhaa wenye TSH ya juu sana na thairoksini ya chini: wafupi, wazito kwa kimo chao, wenye ngozi kavu na choo kigumu, na darasani waliitwa wavivu. Tuliwaanzishia levothairoksini ya vidonge, yaani thairoksini ya kutengenezwa, dawa ya bei nafuu ambayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, kwa dozi inayofuata uzito na umri. Mchanga hupewa mikrogramu 10 hadi 15 kwa kila kilo kwa siku, na dozi kwa kilo hupungua kadiri mtoto anavyokua. Baada ya wiki nane tulirudia TSH. Baadhi walikuwa wameshuka vizuri. Wengine, wenye dozi ileile kwa uzito uleule, hawakuwa wamesogea.

Shaka ya kwanza ilikuwa dawa yenyewe. Levothairoksini huharibiwa na joto, mwanga na unyevu, na kabati letu lilikuwa chini ya bati. Tulinunua shehena mpya kutoka kwa msambazaji mwingine, tukaihamishia kwenye chumba chenye dari, tukawapa wazazi vidonge ndani ya pakiti zake za asili badala ya bahasha za karatasi. Shilingi 480,000 zikaondoka. Wiki nyingine nane, na wale wasiosogea hawakusogea.

Shaka ya pili ilikuwa kwamba dawa hainywewi. Tulihesabu vidonge vilivyobaki, vikawa sawasawa na inavyotakiwa. Hapo mmoja wetu alitaka kupandisha dozi, na vitabu vingemruhusu. Tulimwomba mhudumu wa afya wa kijiji atangulie nasi hadi nyumba moja, saa ya dawa.

Mama wa nyumba hiyo hakuwa mzembe hata kidogo. Alikuwa amefunga kidonge ndani ya kitambaa safi, akakiponda kwa kitako cha kijiko mpaka kikawa unga, akakitia kwenye kikombe cha uji, akakoroga, akampa mwanawe anywe mpaka tone la mwisho, kisha akasuuza kikombe kwa maji kidogo na kumnywesha hayo pia ili kisipotee chochote. Tulimuuliza uji ni wa nini. «Ni ule wa lishe, daktari, wa mahindi na soya. Mliniambia yeye ale vizuri.»

Soya huzuia levothairoksini kufyonzwa tumboni, kama zinavyofanya vidonge vya madini ya chuma na vya kalsiamu. Uji wa mahindi na soya ndio tunaowahimiza wazazi wa watoto waliodumaa kuupika, na vidonge vya chuma tunawapa sisi wenyewe kwa ajili ya upungufu wa damu. Maelekezo yaliyokuwa kwenye bahasha ya dawa yalisema mtoto anywe kidonge kimoja asubuhi, basi. Tulipowafuata wazazi wa wale waliokwama, karibu wote walikuwa wakichanganya dawa na uji huo au wakiitoa pamoja na chuma, na wale waliopona vizuri walikuwa wakiinywesha kwa maji.

Karatasi mpya ya maelekezo, kwa Kiswahili na Kinyankore, ina picha ya jua linalochomoza, kikombe cha maji na kidonge, halafu sufuria ya uji iliyotengwa kwa mstari mnene. Mtoto hunywa dawa anapoamka, kwa maji kidogo, na uji husubiri angalau nusu saa. Chuma huhamia jioni. Uji haukukatazwa, kwa sababu wanauhitaji. Kuchapa karatasi kuligharimu shilingi 70,000. Vipimo vya TSH vilivyofuata vilishuka kwa karibu wote bila dozi kuguswa, na tukashukuru kwamba haikupandishwa, maana siku uji ungeachwa mtoto angejikuta na dawa nyingi kuliko anayoihitaji.

Desemba 2024: Nywele

Hili ni fupi lakini lina maana. Wakati wa muhula wasichana wa shule zetu hunyolewa, na ubao hugusa fuvu moja kwa moja. Likizo ya Krismasi ikifika husukwa, na misuko ya juu huongeza sentimita kadhaa. Hatuwezi kumfumua mtoto msuko ambao mama amelipia kwa ajili ya sikukuu. Vipimo vyote vya wasichana sasa hupangwa ndani ya muhula, na wasiosoma shule hupewa tarehe kabla ya siku ya kusukwa, si baada.

Februari 2025: Umri wa mifupa

Eksirei ya mkono wa kushoto na kifundo chake huonyesha mifupa imekomaa kiasi gani, na hulinganishwa na atlasi ya Greulich na Pyle iliyotoka mwaka 1950, ambayo picha zake zilipigwa kwa watoto wa familia zenye uwezo wa mji wa Cleveland, Marekani, miaka ya 1930 na mwanzoni mwa 1940. Kuitumia Isingiro bila tahadhari hakufai. Mtoto aliyekosa chakula, mwenye upungufu wa thairoksini, mwenye upungufu wa homoni ya ukuaji na mwenye balehe ya kuchelewa tu kama baba yake, wote wanne mifupa yao huwa nyuma ya umri. Kwa shilingi 35,000 kwa picha, pamoja na nauli, tuliacha kuipiga kwa kila mtoto. Sasa inapigwa kwa wale tu ambao kasi yao ya mwaka iko chini ya sentimita 4 na ambao vipimo vya hatua ya Septemba havikueleza sababu.

Mei 2025: Homoni ya ukuaji yenyewe

Mwaka wa vipimo umetimia, na waliobaki kwenye orodha ni wachache sana. Kabla ya kuwaeleza, niseme kuhusu maswali tunayoulizwa. Vijana wa uwanja wa mpira huiita dawa ya Messi, kwa sababu wamesikia, na ni kweli, kwamba alitibiwa kwa homoni ya ukuaji utotoni. Wanaitaka. Tunawaambia kwamba yule alikuwa na upungufu uliothibitishwa, na kwamba mwili unaotengeneza homoni ya kutosha hautibiwi kwa kuongezewa. Dawa hii pia ina historia ya kuogofya: tangu mwaka 1958 ilitolewa kwenye tezi za pituitari, zilizo chini ya ubongo, za maiti, mpaka mwaka 1985 ilipogunduliwa kuwa baadhi ya waliotibiwa walipata ugonjwa wa ubongo wa Creutzfeldt-Jakob, usambazaji wake ukasitishwa Marekani, na mwaka huohuo ikaidhinishwa huko ile inayotengenezwa kwa bakteria. Wanaouza chupa za «kurefusha» sokoni hawauzi hiyo wala nyingine yoyote.

Kuthibitisha upungufu si kazi ya damu moja. Homoni ya ukuaji hutoka kwa mawimbi, hasa usingizini, na kipimo cha mchana huweza kuwa karibu na sifuri hata kwa mtoto mwenye afya. IGF-1, inayotengenezwa na ini kwa amri ya homoni hiyo, haipandi na kushuka namna hiyo, lakini utapiamlo nao huishusha. Kwa sababu hiyo hatuitumi sampuli ya IGF-1 mpaka mtoto awe amelishwa na uzito wake kurudi. Mmoja ambaye IGF-1 yake ilikuwa chini alipimwa tena baada ya miezi ya lishe, ikawa ya kawaida, naye ameanza kukua. Thairoksini nayo lazima irekebishwe kwanza, kwa kuwa upungufu wake hudumaza jibu la homoni ya ukuaji na kuleta ugonjwa wa uongo.

Anayevuka vizuizi hivyo hupelekwa hospitali ya rufaa kwa kipimo cha kuichochea tezi itoe homoni ya ukuaji. Hulala na njaa, hudungwa glukagoni, kisha hutolewa damu kila nusu saa kwa saa tatu, akiangaliwa sukari yake isishuke, hata saa chache baadaye. Homoni isipopanda vya kutosha, kipimo hurudiwa kwa kichocheo kingine. Mvulana mmoja homoni yake haikupanda katika kipimo cha kwanza na anasubiri cha pili, pamoja na picha ya MRI ya tezi ya pituitari, maana uvimbe wa eneo hilo huweza kuwa ndio sababu. Mtoto anayekua polepole huku akilalamika kichwa na kutoona vizuri sisi hatumsubirishi mwaka wa kupimwa. Huyo hupelekwa wiki hiyohiyo.

Kwa tahadhari, tulijaribu jokofu letu la sola kabla ya kuwa na dawa yoyote ndani yake. Somatropini, yaani homoni ya ukuaji ya kutengenezwa, huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 na haitakiwi kuganda. Tuliweka chupa ndogo za maji na kipimajoto kinachokumbuka kiwango cha juu na cha chini. Karibu na ukuta wa kugandishia joto la usiku lilishuka chini ya sifuri, na siku za mawingu rafu ya juu ilivuka 8. Chungu cha udongo, ambacho huwafaa baadhi ya wenye kisukari kutunzia insulini, hakifikii ubaridi huo. Kikapu cha plastiki katikati ya rafu ya chini, kikizungukwa na chupa za maji za lita moja na nusu, kimetuweka kati ya 3 na 7 kwa wiki zote za jaribio. Kipimajoto kilikuwa shilingi 85,000, na chupa ni za bure.

Kuhusu gharama ya tiba, hesabu ni hii: mtoto wa kilo 20 kwa mikrogramu 30 kwa kilo hudungwa miligramu 0.6 kila usiku, yaani miligramu 219 kwa mwaka, na dozi hupanda na uzito kwa miaka mingi. Mwaka mmoja wa mtoto mmoja, kwa bei tulizotajiwa, unazidi bajeti yote ya mradi huu. Kwa hiyo tumekubaliana kwamba hakuna sindano ya kwanza itakayodungwa mpaka dawa ya angalau miaka miwili iwe na mlipaji kwa maandishi, na familia ya mvulana huyo imeelezwa hivyo wazi, bila kuahidiwa.

Msichana mmoja wa miaka tisa, ambaye chakula, thairoidi na selimundu vyote vilikuwa sawa, alipelekewa damu yake nje ya nchi kwa kipimo cha kromosomu, na jibu limekuja: kromosomu X moja badala ya mbili, hali ya Turner, ambayo humpata takriban msichana mmoja kati ya 2,000 hadi 2,500 wanaozaliwa. Homoni yake ya ukuaji haipungui, ingawa kudungwa huongeza kimo kwa wasichana wa hali hii. Tulichoweza kukipanga mara moja ni vitu vya bei ndogo kuliko sindano: kipimo cha moyo, kwa kuwa mshipa mkuu unaotoka moyoni huweza kuwa na kasoro, kipimo cha masikio, na estrojeni, homoni ya kike, ya dozi ndogo atakapofika miaka 11 au 12, ili abalehe pamoja na wenzake. Kipimo cha moyo kimewekwa Julai, na nauli yake na ya mama yake, shilingi 120,000 kwenda na kurudi pamoja na malazi, imeshatengwa.